Inhela Moja ya Vifua Viwili

Antie Roselyne amekufa kwao Kakamega, na habari ilinikuta Njoro nikiwa nimeshika mtungi wa mteja chini ya mashine ya maziwa. Aliyepiga simu ni mama. "Nafula, umekaa?" Nikamwambia niko kazini, nimesimama. "Basi simama tu. Rose ametuacha. Ni kifua." Maziwa yakajaa, yakamwagika, mteja akasema, "Wee msichana, boss wako asikuone," nami nikafunga bomba na kuomba msamaha kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Jioni, katika chumba ninachokaa na binamu yangu, nilivuta begi kutoka chini ya kitanda nikatoa daftari nilizoandika nikiwa kidato cha tatu. Nina miaka kumi na tisa. Najua huu si umri wa mtu kuandika kumbukumbu, mtu anaweza kuniuliza, kwani wewe umeona nini? Lakini mazishini watu watasimama waseme mazuri, na mimi siwezi kuongea mbele ya watu, nitakuwa nyuma kule wanapopika. Kwa hivyo nasema hapa. Mwaka ule mama na Antie Roselyne walikosana, na hawakupatana mpaka leo mmoja hayupo.

Tulikuwa tunakaa Karagita, kando ya ziwa la Naivasha, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, kamba za nguo katikati, choo kule mwisho. Kati ya chumba chetu na cha Antie Roselyne, ambaye alikuwa jirani tu, palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba uliopigwa rangi ya kijani upande wetu na upande wake ukabaki hivyo hivyo. Ukikaanga omena huko, sisi tunapiga chafya. Akicheka peke yake na redio, mama anacheka na yeye bila kujua kichekesho ni nini. Alikuwa anafanya kazi greding, kwenye jumba la kampuni ya maua ambapo wanawake wanasimama siku nzima wakipanga waridi kwa urefu, na vidole vyake vilikuwa na plasta kila wakati kwa sababu ya miiba. Waridi zilizokataliwa alizileta nyumbani akazitia kwenye kikombe cha plastiki juu ya kabati. Mimi sikuwahi kuzipenda. Harufu ya maua kidogo tu na kifua kinaanza.

Kifua changu nimezaliwa nacho. Wenye pumu wenzangu wananielewa; wengine nawaambia hivi: ni kama mtu mzito amekukalia hapo mbele na anakula chakula chake polepole, hana haraka. Usipokuwa na inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, unamngojea amalize. Karagita ilimpenda sana mtu huyo. Kuna vumbi la barabara, kuna moshi wa jiko, kuna baridi ya asubuhi inayopanda kutoka ziwani, na shuleni kuna chaki. Nilikuwa nakaa dawati la karibu na mlango, na nikitaka kuvuta dawa naenda nyuma ya vyoo, kwa sababu mara ya kwanza nilipovuta darasani kijana mmoja alisema, "Oyaa, Nafula anajijaza upepo kama tairi," na jina la Tairi likanifuata hadi nilipomaliza shule.

Bima ya mama ilikuwa inaamka na kulala na maua. Alikuwa mfanyakazi wa msimu. Wazungu wakikaribia siku yao ya wapendanao, kampuni inaita watu, mama anaingia, anakatwa ya bima, sisi tunakuwa watu wenye bima. Ikifika mwezi wa tano, ile siku yao ya akina mama ikipita, wanaambiwa asante, mkae karibu na simu. Ukitaka bima iendelee wakati huna kazi, ulipe mwenyewe, tena ya mwaka mzima mara moja. Mwenye pesa ya mwaka mzima mara moja hakai ploti yetu. Na hata bima ilipokuwa macho, ilikuwa inalipia daktari akuangalie, halafu daktari anakuandikia, unapeleka karatasi dirishani, na yule wa dirishani anasema, "Hii haiko. Nunua nje." Nje ni kwa kemisti, duka la dawa. Niliandikiwa mbili, ya kahawia ya kuvuta kila siku ili kifua kisifunge, na ya bluu ya kufungua kikishafunga. Ya kahawia mama aliinunua mara moja tu. "Hiyo unavuta na husikii kitu," alisema. "Ni kama kununua mvua." Tukabaki na ya bluu, na ya bluu nayo tukaiwekea siku mbaya tu, kwa sababu Mama Kamau, aliyekuwa anashika funguo za ploti na kukusanya kodi, alikuwa amemwonya mama: "Msizoeshe mtoto hiyo kitu. Mapafu yakizoea kusukumwa, yatakataa kujitembeza." Sijawahi kukutana na mtu Karagita ambaye hakuamini hivyo. Mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa najivunia siku nilizopita bila kuvuta, kama mtu aliyeacha pombe.

Mwaka huo mama alitolewa mwezi wa tano kama kawaida, na ya bluu ikaisha mwezi wa sita. Kulikuwa na Jumamosi moja nilikuwa nimelala na nguo za shule, mgongo kwa ukuta, kwa sababu kulala chali sikuweza. Mama na Antie Roselyne walikuwa nje mlangoni wakitoa maganda ya njegere. Walidhani nimelala.

"Mama Nafula, huyo mtoto anapiga filimbi tangu asubuhi," Antie alisema.

"Nimempea chai ya tangawizi."

"Tangawizi ni ya kutia kwa chai. Si ya kutia kwa mapafu."

Nilisikia njegere zikianguka kwenye sufuria.

"Kliniki yetu pale kampuni inatibu mfanyakazi na watoto wake," Antie akaendelea. "Dawa wanapeana hapo hapo. Sasa angalia. Mimi niko na kontrakti ya mwaka na sina mtoto. Wewe uko na mtoto na huna kontrakti. Si tuunganishe, tuseme ni wangu?"

Mama alicheka, halafu akaacha. "Na wewe unapata nini, Rose?"

Nikainua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mimi pia niko nayo," Antie akasema.

"Uko na nini?"

"Hiyo ya Nafula."

Hapo ndipo nilijua kwamba kile kikohozi cha asubuhi nilichokuwa nakisikia nyuma ya mbao, ambacho alikuwa anakiita homa ya baridi, baridi ikiwepo na isipokuwepo, kilikuwa ndugu ya kikohozi changu. Alikuwa anakohoa kwenye leso ili asisikike. Kazini alikuwa anakificha zaidi. Alimwambia mama kwamba mwanamke wa laini yao alisema tu kifua kinamsumbua kwenye ile baridi ya jumba, akahurumiwa sana, akapewa kazi nyepesi ya kufagia, na kontrakti ilipoisha hakuna aliyekumbuka jina lake. Kwa hivyo dawa aliyokuwa na haki ya kuomba hakuweza kuiomba. Alihitaji mtoto mgonjwa, nasi tulikuwa naye.

Nilienda kliniki na Antie Roselyne wiki hiyo. Chumba kilikuwa na benchi, kalenda ya kampuni ya mbolea, na nesi mnene aliyekuwa anakula karanga kutoka mfukoni. Njiani tulikuwa tumefanya mazoezi: niseme mum, nisiseme antie.

"Huyu ni wako?" nesi aliuliza. "Mbona hamfanani?"

"Amefuata babake. Yule mtu alinidhulumu kila kitu, hata sura ya mtoto."

Nesi alicheka mpaka karanga ikampalia. Akanigeukia. "Haya mrembo, niambie mwenyewe. Unasikiaje?"

Nilifungua mdomo na kifua kikajibu kwa niaba yangu, kwa ile filimbi yake, na nesi akaacha kucheka, akaweka kile chombo chake cha kusikiliza mgongoni kwangu, kisha akaandika. Tulitoka na ya bluu, mpya, ndani ya boksi lake. Nyuma ya ua la kampuni Antie Roselyne aliifungua, akaangalia huku na huku, akavuta, akafunga macho. Nilimwona mabega yakishuka. Nilikuwa sijawahi kuona kwa mtu mwingine jambo ninalolijua ndani yangu, na nilitaka kulia, sijui kwa nini. "Sasa wewe," akasema, akafuta mdomo wa inhela kwa pindo la dastkoti yake.

Basi ikawa yetu wawili. Alfajiri kabla basi la kampuni halijapita, anavuta, anaiweka kwenye dirisha letu. Mimi naenda nayo shule. Jioni nairudisha mlangoni kwake, anauliza, "Imetembea vipi leo?" kama anauliza habari ya mtoto. Miezi hiyo miwili kliniki ilipotupa nyingine na nyingine, nafikiri ndiyo miezi mizuri zaidi niliyokuwa nayo katika ile ploti. Alinifundisha kupika ugali usio na madonge. Aliniambia wavulana wanaoniita Tairi watakuja kunitafuta gari lao likipata pancha. Mama naye alikuwa anampelekea mboga, na wakikaa pale mlangoni walikuwa kama dada waliozaliwa nyumba moja.

Mwezi wa nane kliniki ikasema kila mtoto aletewe cheti cha kuzaliwa. Changu kilikuwa na jina la mama. Antie alimwambia nesi cheti kimebaki nyumbani, kinatafutwa, na nesi akamwambia, kwa upole tu, kikipatikana dawa itapatikana. Tukabaki na ile inhela ya mwisho.

Kila mtu anayetumia ya bluu katika Karagita anajua kuipima. Unatoa kile kikopo cha chuma kutoka kwenye plastiki yake, unakitia kwenye maji. Kikizama, kimejaa. Kikisimama wima kama mtu anayejifunza kuogelea, kiko nusu. Kikilala juu ya maji, kimekwisha. Sijui nani aliileta hekima hiyo, lakini tuliishika kama amri. Kila Ijumaa Antie alikuwa anateka maji kwenye beseni ya bluu, tunainama wote watatu, vichwa vinagongana. "Imesimama!" anasema Antie. "Angalia vile inasimama na kiburi." Wiki iliyofuata imesimama. Wiki nyingine pia, imeinama kidogo. Mama alikuwa anasema ni Mungu, kama yule mjane wa kwenye Biblia na mafuta yake. Na mimi nilikuwa nikivuta nasikia ile baridi kooni, ule mlio wa fss, najiambia imefungua. Siku nyingine nilikuwa natembea kutoka nyuma ya vyoo nikiwa bado nimebanwa, na bado najiambia imefungua. Mtu akikwambia umekula, na sahani iko mbele yako, unaweza kuamini kwa muda.

Ilikuwa Jumapili mchana mwezi wa kumi. Mvua ilinyesha ghafla tukiwa tumetoka kanisani, na Mama Kamau akaingiza jiko lake kwenye koridoo yenye paa mbele ya milango yetu lisizimike. Moshi ukajaa. Nilisikia Antie Roselyne nyuma ya mbao akikohoa, halafu sikumsikia, na kule kutomsikia ndiko kulikonitoa kitandani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, mikono kwenye magoti, shingo imesimama mishipa. Inhela ilikuwa kwangu. Nilimpa. Akavuta. Fss. Akavuta tena. Fss. Aliniangalia. Nilijua anachotaka kusema: inatoka, mbona haifiki? Mama akaikamata akaitikisa, akaibonyeza hewani, tukaona ule moshi wake mweupe ukitoka vizuri kabisa. "Iko!" mama alipiga kelele. "Rose, iko, vuta na nguvu!" Midomo ya Antie ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu.

Tulimpakia kwenye pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke, mvua ikitupiga. Nilikuwa nimeweka kifua changu kwenye mgongo wake na nilisikia kazi iliyokuwa inafanyika mle ndani, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa na misumari. Mwenye boda alikuwa anasema, "Mathe, kaza roho, tunafika," njia yote hadi Naivasha. Hospitalini walimwekea mpira wa mvuke usoni. Baada ya muda mrefu mabega yakashuka. Daktari kijana, aliyeonekana hajalala, alichukua inhela yetu, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii ilikwisha zamani," alisema.

"Lakini inatoka," nikasema. Nadhani ni sentensi ya kwanza niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua bila kuulizwa.

"Inatoka gesi ya kusukuma. Dawa hakuna. Mmekuwa mkivuta upepo."

Nikamwambia tuliipima kwenye maji. Hakucheka. Alisema tu kwamba maji hayajui dawa na gesi, na kwamba wengi wanaoletwa pale wamepima hivyo hivyo.

Antie alilala huko siku kadhaa. Ili kampuni isiseme ametoroka kazi, ilibidi apeleke karatasi ya hospitali, na karatasi ilikuwa imeandikwa ugonjwa. Supavaiza wake alimpa pole nyingi. Akampa kazi ya kufagia. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja kontrakti yake ilipofika mwisho, walimwambia akae karibu na simu.

Ploti ilimchangia arudi kwao. Mama Kamau mwenyewe, ambaye nadhani jiko lake lilikuwa linamkera moyoni, alizunguka mlango kwa mlango na kikombe. Ikapatikana nauli ya Kakamega na inhela moja ya bluu, ya kwa kemisti. Moja tu. Mimi wakati huo nilikuwa naishi kwa tembe nyeupe za bei rahisi, zile zinazotetemesha mikono mpaka kalamu inaandika mlima. Mtihani wa mwisho wa mwaka niliufanya hivyo.

Asubuhi ya kuondoka, Antie alikuwa amefunga godoro kwa kamba, ukuta wake wa mbao umebaki na misumari. Tulikunywa chai kwake kwa vikombe vyetu, kwa sababu vyake vilikuwa vimefungwa. Mama aliweka kikombe chini.

"Rose, nilikuwa nataka kukuuliza. Hiyo ya bluu. Huko kwenu hakuna vumbi kama hapa, hakuna baridi ya kampuni. Huyu anaenda kidato cha nne. Huyu ni mtoto."

Antie aliangalia mkoba wake.

"Nimefikiria," akasema. "Usidhani sijafikiria. Jana nilifikiria mpaka chakula kikanishinda."

"Basi?"

"Naenda nayo, Mama Nafula."

"Tulikuita dada."

"Na mimi nitapumua na nini? Mimi pia ni mtu."

Mama aliinuka, akachukua kikombe chake na changu, changu kikiwa bado na chai, akatoka. Mlango wetu ulifungwa. Nilibaki nimekaa juu ya godoro lililofungwa. Nitasema ukweli: nilikuwa nimeitaka. Mama alipokuwa anaongea, nilikuwa nimeuangalia ule mkoba kama njaa inavyoangalia mkate, na Antie aliposema anaenda nayo, nilimchukia. Nilimchukia karibu mwaka mzima uliofuata. Leo nahesabu tofauti. Aliishi miaka mingine miwili na zaidi, alipanda mahindi, alimlea mpwa wake, alinitumia salamu za Krismasi kwa simu ya mama, ambazo mama alikataa kunisomea. Angekuwa ameniachia inhela, wangemshusha Kakamega akiwa maiti, na mimi ningekuwa na pumzi yake nayo ingeisha kabla ya Pasaka.

Mama hakutoka. Ikabidi mimi nibebe begi lake hadi steji, godoro likiwa kwenye mkokoteni wa kijana mmoja mbele yetu. Tulitembea polepole, wote wawili tukisimama kila mahali kwa kisingizio cha begi. Steji ilikuwa na watu: wauza njugu, makanga wa matatu, wasichana wawili wa shule yetu. Begi lilipowekwa ndani, Antie alifungua mkoba, akaitoa, akaitikisa.

"Vuta mbili," akasema.

"Hapa?"

"Hapa. Mimi sina mahali pengine."

Wale wasichana walikuwa wanaangalia. Nilivuta, nikashikilia, nikaachia, nikavuta tena. Ilikuwa dawa kweli. Nilikuwa nimesahau inavyokuwa, jinsi yule mtu mzito anavyoinuka bila kubishana. Antie alichukua inhela mkononi mwangu, akaufuta mdomo wa inhela kwa kidole, akairudisha ndani ya mkoba, akafunga zipu. Hakunikumbatia. Alipanda.

Nilirudi nyumbani ile barabara yote ya vumbi bila kusimama hata mara moja, na katikati nilikimbia kidogo, kwa sababu niliweza. Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria. "Ameenda nayo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Ilipofika saa ya kupika jioni, kifua kilikuwa kimeanza tena.